Kugeuza dari au gereji kuwa chumba: maswali ninayoulizwa kila mara

Habari zenu. Mimi ni fundi wa kupaua, kazi yangu ni mbao na bati, na karibu kila wiki kuna mtu ananipigia anataka chumba cha ziada bila kujenga chumba cha ziada. Watoto wamekua, mdogo wake kaja kusoma chuo, mama mkwe anahamia, na uwanja wa kuongeza chumba umeisha. Basi mtu anaangalia juu ya dari anaona kumekaa tupu, au anaangalia gereji ambayo gari lenyewe linalala nje. Nimekusanya maswali yote hapa nijibu kwa utulivu, maana kwenye simu huwa hatumalizi.

Fundi, nimepanda juu ya dari nimekuta nafasi kubwa sana, si niweke mbao chini nipate chumba?

Hili ndio swali namba moja na jibu lake ni refu kidogo, naomba usome mpaka mwisho.

Kile ulichokiona kule juu ni kenchi, zile fremu za mbao za pembetatu zinazobeba bati. Chukua miti miwili iegemeze juu kwa juu ikae kama herufi A, halafu usiweke kile kijiti cha kukatiza, kandamiza juu kwa mkono uone, miguu inateleza kwenda nje. Paa lako lingefanya hivyohivyo, bati na upepo vinakandamiza zile rafta mbili, yaani mbao za mteremko, na zenyewe zinataka kusukuma kuta zako nje. Kinachozuia ni ule ubao wa chini uliolala kutoka ukuta hadi ukuta, mafundi tunauita taibimu. Kwa macho unaonekana kama mhimili wa kukanyaga ila kazi yake ni ya kamba, umewekwa pale uvutwe. Na zile mbao za katikati zilizosimama na zilizolala mshazari, hizo zinagawa mzigo ili rafta isipinde tumbo.

Sasa juu ya kazi hiyo ya kuvutwa, taibimu imebebeshwa dari tu. Jipsam ya milimita 9 ina uzito wa kilo sita au saba hivi kwa mita moja ya mraba, ongeza papi, vile vijibao vya kushikia dari, na taa, basi. Chumba cha kuishi watu kinahesabiwa kilo 150 kwa kila mita ya mraba, hicho ni kipimo cha kawaida cha mainjinia kwa sakafu ya nyumba. Chumba cha mita 3 kwa 4 hapo ni kilo 1800, yaani mifuko 36 ya simenti, unaiweka juu ya mbao ambazo zilipangiwa kubeba singbodi za dari. Halafu kenchi zetu huku tunaziachanisha mita moja na nusu hivi, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo hata ubao wenyewe wa sakafu ukiulaza kutoka kenchi hadi kenchi utakuwa unacheza kama chaga ya kitanda.

Fundi mwingine kaniambia tukikata zile mbao za katikati tu panakuwa peupe, na bati haliguswi. Kweli?

Hapana. Hapana kabisa.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja nje ya Dar, mwenye nyumba analalamika mlango wa chumbani unagoma kufunga na kuna ufa juu ya dirisha. Yeye alidhani ni msingi. Nikapanda juu nikakuta kenchi nne zimekatwa mbao zote za kati, pamewekwa plaiwudi na godoro, kijana wa nyumba alikuwa analala huko. Rafta zilikuwa zimepinda unaona kwa macho, wolipleti, ule ubao unaolala juu ya ukuta kubeba kenchi, imehama kutoka kwenye lenta kwa karibu vidole viwili, na ukuta wa upande wa jua la jioni umeanza kulala nje. Misumari ilikuwa imejivuta nusu. Ilikuwa Februari. Nilikaa chini nikawaza mvua za masika na upepo wake zingekuja zikute pale mtu amelala. Sikulala vizuri siku ile nawaambia ukweli.

Tatizo la kukata kenchi ni kwamba haianguki siku hiyohiyo. Mbao inavumilia, inapinda taratibu, na wewe unasema mbona fundi alikuwa sahihi. Miezi inapita. Halafu siku ya upepo ndio unajua. Kwenye kanuni za ujenzi za nyumba kule Marekani imeandikwa wazi, kenchi haikatwi, haichongwi wala haitobolewi bila injinia kuidhinisha, na wenzetu hawakuandika hivyo kwa kupenda makaratasi.

Mbona ughaibuni watu wana vyumba juu ya dari na wanalala vizuri?

Ndio wanavyo, ila angalia aina ya paa. Nyumba za zamani za London kwa mfano, zile za karne ya 19, paa zake ni mwinuko mkali na zimejengwa kwa rafta moja moja zinazoshikwa na mihimili mirefu inayokaa kwenye kuta, katikati hamna msitu wa mbao. Hapo kupata chumba ni rahisi kidogo, japo hata wao wanaongeza chuma na mbao za sakafu.

Kenchi za kiwandani ni hadithi nyingine. Mmarekani mmoja, J. Calvin Jureit, mwaka 1955 huko Florida alibuni kile kibati chenye meno kinachogandamizwa kwenye maungio ya mbao, na kuanzia hapo kenchi zikawa zinatengenezwa kiwandani kwa mbao nyembamba, nyepesi, nafuu, kila sentimita 60 moja. Ndugu zetu mlioko Marekani na Kanada mnaosoma hapa, kama nyumba yenu ni ya miaka ya 60 kuja huku kuna uwezekano mkubwa juu yenu kuna hizo. Kwa kanuni zao dari isiyo na stoo inahesabiwa paundi 10 kwa futi ya mraba, ya stoo ndogo paundi 20, na chumba cha kulala paundi 30. Yaani mara tatu. Wanaotaka chumba huko wanaagiza toka mwanzo kenchi maalumu yenye nafasi ya mraba katikati na ubao wa chini mnene kama wa sakafu. Hiyo ni kenchi ya chumba kweli. Ya kawaida haigeuki kuwa hiyo kwa msumeno.

Nitajuaje kama paa langu lina urefu wa kutosha?

Pima. Usikadirie ukiwa umeinama na tochi ya simu, ukiwa umeinama kila kitu kinaonekana kirefu.

Nyumba ya upana wa mita 10, paa likiwa na mwinuko wa digrii 15 kilele kinakuwa mita 1.34 tu juu ya kuta. Digrii 22 kinafika mita 2. Digrii 30 mita 2.89. Sasa toa unene wa sakafu mpya, toa unene wa rafta na dari mpya utakayoweka chini yake, hiyo ni kama sentimita 40 imeondoka. Kwa hiyo lile la digrii 22 husimami hata kidogo. Lile la digrii 30 unabaki na mita 2.5 pale kileleni, na eneo ambalo mtu anaweza kusimama mita 2 ni kaukanda ka upana wa mita 1.7 tu katikati, kwingine kote unainama. Na nyumba zetu nyingi paa linashuka pande nne, kwa hiyo hata urefu wa hako kakanda unaliwa huku na huku. Watu wengi tukishafika hapa kwenye hesabu wanaacha wenyewe bila mimi kusema kitu. Na zile nyumba za kisasa za paa la kujificha ndio hata usipande, bati lake limelala karibu sawa.

Basi hata mabegi siwezi kuweka?

Vitu vyepesi weka, sina ugomvi. Nguo za msimu, maboksi ya sikukuu, begi tupu. Ila uzito jumlisha, begi moja la ndege likijaa ni kilo 23, ukipanga kumi sehemu moja umeshaweka watu watatu pale. Sambaza, weka karibu na ukuta wa ndani unaobeba na sio katikati ya chumba, na tandika ubao mrefu unaopita juu ya kenchi tatu au nne ili mzigo usikae kwenye moja. Vitabu na faili za ofisi hapana, karatasi ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Magunia ya mahindi hapana. Najua bibi zetu walihifadhi mahindi darini juu ya moto na moshi ukafukuza wadudu, lakini dari ile ilikuwa miti mizima iliyopangwa karibu karibu kwa kazi hiyohiyo, sio 2x4 na jipsam.

Na tenki la maji?

Lita 1000 ni tani moja. Mifuko 20 ya simenti, usiku na mchana, mwaka mzima, kwenye kenchi mbili. Tafadhali jenga mnara nje, wa nguzo za zege au wa chuma. Hili sina la kuongeza.

Kama urefu upo na hela ipo, chumba cha darini kinafanyikaje kihalali?

Kwanza injinia, sio mimi. Mtafute aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kwa Kenya ni EBK, aje apande juu aone, apige hesabu, achore. Mimi fundi najua mbao lakini saini ya hesabu ni yake.

Anachofanya mara nyingi ni kuacha kenchi zifanye kazi ya paa na kuleta sakafu mpya inayojitegemea, mbao za sakafu zinalala kwenye kuta zenyewe, kwenye lenta, zinapita pembeni ya taibimu bila kuigusa, ziinuke sentimita chache juu yake ili zikipinda zisiikalie. Nyumba zetu zina bahati moja, kuta za ndani ni za tofali na zina msingi, kwa hiyo kutoka ukuta wa nje hadi wa korido ni mita 3 au 4 tu. Mimi mbao ya 2x6 ya paini nikiiweka kila sentimita 40 siivushi zaidi ya mita mbili na nusu, 2x8 mita tatu na nusu, zaidi ya hapo naomba chuma. Halafu zile mbao za kati za kenchi ndio zinatolewa moja moja baada ya rafta kushikwa na mihimili mipya na vikuta vya pembeni, na kila hatua kuna nguzo za muda chini. Utaratibu huo ndio roho ya kazi, ukigeuza mpangilio umeua paa.

Ngazi nayo inakula chumba cha chini, watu wanasahau. Ngazi ya kupanda mtu mzima bila kushika magoti inataka karibu mita tatu kwenda mbele. Na dirisha la kutosha mtu kutokea, maana moto ukianzia jikoni ngazi ndio inakuwa bomba la moshi.

Nikiwa mkweli, mara nyingi tukimaliza hesabu inaonekana bora kufumua paa lote, kupandisha kuta, na kupaua upya. Au kwenda gereji.

Neno dari lenyewe lina historia, Lamu ukisema nyumba ya dari watu wanaelewa ghorofa. Wazee wale walikanyaga juu ya vichwa vya watu kwa karne nyingi, na angalia walifanyaje: boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, na kwa sababu boriti haivuki vizuri zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi, vyumba vyote vikajengwa vyembamba na virefu. Waliacha mti uamue upana wa chumba. Nawaheshimu sana.

Joto je?

Kali sana. Bati la saa nane mchana Dar ukiligusa linakuunguza, na chumba kiko sentimita kumi chini yake. Unahitaji foili chini ya bati, nafasi ya hewa kupita kutoka kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, mpaka kileleni, kisha sufi ya kuzuia joto, ndipo singbodi. Ukiruka ile nafasi ya hewa hata AC itahangaika. Rangi nyeupe ya bati inasaidia kuliko watu wanavyoamini. Iringa, Arusha, Njombe huko hali ni afadhali, ila usiku baridi inashuka hapohapo.

Nimekuta popo na vinyesi vyao, nifagie tu?

Usifagie kikavu. Kinyesi cha popo kinaweza kuwa na kuvu inayoingia kwenye mapafu, vaa barakoa nzuri, lowanisha kwanza, ndio ukusanye kwenye mifuko. Ziba matundu jioni popo wakishatoka. Angalia na njia za mchwa kwenye kuta, gonga mbao kwa nyundo usikie kama ina sauti ya ndani tupu.

Mbao zenye ukijani zimetiwa dawa, na dawa ile mara nyingi ina shaba, kromiamu na arseniki. Ukizikata vaa barakoa na vipande visipelekwe jikoni kuwa kuni, nimeona watu wanapikia ugali, roho inaniuma. Na kama nyumba ni ya zamani, zile kota za serikali na mashirika zenye paa gumu la kijivu la mawimbi, hiyo inaweza kuwa asbesto. Usitoboe, usikate, usisugue. Vumbi lake linaleta kansa ya mapafu miaka mingi baadaye.

Haya, gereji. Ni rahisi kweli?

Ni rahisi kuliko dari kwa mbali sana, kwa sababu sakafu iko chini tayari, kuta zipo, paa lipo. Gereji ya gari moja ya mita 3 kwa 6 ni mita 18 za mraba, hicho ni chumba na choo chake. Ila kuna mambo manne yanayowaumiza watu.

La kwanza sakafu. Gereji imejengwa na mteremko kuelekea getini ili maji yatoke, na mara nyingi iko chini ya nyumba kwa sentimita 10 au 15. Ukiweka tailizi hivyohivyo kitanda kitalala upande. Tandika naironi nzito, mwaga zege la kusawazisha, panda mpaka usawa wa nyumba, na kabla ya hapo pima urefu mpaka kwenye kenchi uone utabaki na ngapi. Naironi usiiruke hata kama sakafu inaonekana kavu, zege la gereji mara nyingi halikuwekewa na unyevu unapanda kimyakimya, godoro linaota ukungu unamlaumu mtoto.

La pili oili. Sehemu iliyoshika oili simenti haishiki. Chokoa mpaka upate zege safi.

La tatu lile tundu la geti. Watu wanajenga tofali juu ya sakafu ileile pembeni bila msingi, ukuta unakaa mwaka unaanza kushuka na kuachia nyufa mbili wima kulia na kushoto. Kata sakafu, chimba, weka msingi, funga ukuta mpya na wa zamani kwa nondo kila kozi tatu, yaani mistari mitatu ya tofali. Lenta ya juu usiiguse. Weka dirisha la maana, na lingine ukuta wa pili ili hewa ivuke.

La nne umeme. Gereji ilipewa taa moja na soketi moja, ukiunga AC kwenye waya wa taa wa milimita 1.5 unatafuta moto. Vuta laini mpya kutoka kwenye meinswichi, na fundi umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Gereji yangu haina dari, kenchi zinaonekana. Naweza kuinua ile mbao ya chini nipate chumba kirefu?

Dada mmoja wa Morogoro aliuliza hili na nilipenda alivyouliza kabla ya kufanya. Ukiiinua taibimu juu, ile kamba imesogea kileleni na miguu inafunguka, kuta zinasukumwa. Kidogo inawezekana kwa hesabu ya injinia, kwa kawaida na rafta nene zaidi. Nilimshauri aache kenchi zionekane, azisugue apige vanishi, singbodi akaiweka juu kwenye mteremko wa rafta kati ya kenchi na kenchi. Chumba kikawa kirefu, kizuri, na hamna ubao uliokatwa. Wageni wanapiga picha mpaka leo.

Nataka kuifanya fremu ya duka, kibali cha nini tena na ni kwangu?

Ni kwako ndio, lakini kiwanja kimeandikwa makazi. Nenda halmashauri yako uulize kibali cha ujenzi na mabadiliko ya matumizi, Kenya ni kaunti. Fanya kabla ya tofali la kwanza. Nimeona alama ya X nyekundu ikipigwa kwenye ukuta wenye rangi mbichi, mama wa watu kakopa vikoba kuujenga.

Mtu akilala kwenye gereji iliyogeuzwa, jenereta inaweza kukaa pale mlangoni?

Hapana, wala gari lisiungurume mbele ya dirisha lake, wala jiko la mkaa ndani. Moshi ule una gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Jenereta iende mbali na madirisha yote. Kama umegawa gereji nusu chumba nusu gari, ukuta wa katikati upande mpaka kwenye bati, usiishie kwenye dari, maana gesi na moto vinapita juu ya singbodi kama vile hamna ukuta.

Tunajenga sasa hivi, tuko kwenye lenta. Tufanye nini tusije tukajuta?

Mko mahali pazuri. Kama ndoto ya chumba cha juu ipo, semeni sasa, injinia aongeze mwinuko wa paa na achore kenchi yenye nafasi katikati, au mwage slabu juu ya sehemu moja tu, tuseme sebule na korido, hapo msingi na nguzo viwe vimeandaliwa. Gereji nayo iwekeeni naironi, lenta ya dirisha la baadaye, na bomba la maji taka likiwa limezikwa tayari. Hayo leo ni kazi ya siku moja.

Fundi, nimeshakata. Nifanyeje?

Asante kwa kusema. Toa watu na vitu vyote darini leo hii, na asilale mtu chumba cha chini yake. Usipigilie tena vile vipande kwa misumari, havitashika. Weka nguzo za muda, miti minene au jeki za chuma, chini ya taibimu pale mbao zilipokatwa, chini ya nguzo tandika ubao mpana ili nguzo isitoboe sakafu, na usijaribu kusukuma paa lirudi juu, kaza tu liguse. Kisha piga simu kwa injinia. Wakati unamsubiri chora mstari wa penseli kwenye ncha ya kila ufa, andika tarehe pembeni, na uangalie kila asubuhi. Ufa ukivuka mstari, toka ndani ya nyumba wewe na familia mpaka atakapofika.